Kusoma Nchi Kame kwa Ramani: Wapi, Lini na kwa Nani

Unapowadia msimu wa kuandaa mipango na bajeti, maombi yanayotoka vijijini kwetu hufanana sana. Hatuna maji. Malisho yamekwisha. Zahanati iko mbali. Watoto wanachelewa kufika shuleni. Kila ombi ni la kweli, lakini neno "hatuna" peke yake halimwoneshi mtaalamu wala diwani mahali pa kuanzia. Katika maeneo yenye mvua nyingi, mradi uliowekwa mahali pasipofaa huweza kuvumilika. Katika nchi kame, kosa hilohilo huweza kumaliza malisho ya akiba ya vijiji vitatu, au kuacha kisima kizima upande mmoja wa korongo huku wenye kiu wakiwa upande wa pili.

Somo la toleo hili linahusu chombo kinachosaidia kuligeuza neno "hatuna" kuwa maswali matatu yanayojibika: wapi, lini na kwa nani. Chombo hicho ni ramani. Hatuzungumzii ramani ya ukutani inayoonesha mikoa na mito mikubwa tu, bali ramani ya kijiji na kata, inayochorwa kwa ushirikiano wa wataalamu na wakazi, na kusomwa kabla ya fedha ya umma kutumika.

Nchi kame ni ipi?

Wataalamu huita eneo kuwa kame pale ambapo jua na upepo vina uwezo wa kukausha maji mengi zaidi kuliko yale yanayoletwa na mvua kwa mwaka. Maeneo ya namna hiyo ni takriban asilimia 41 ya nchi kavu yote duniani, na yanakaliwa na watu zaidi ya bilioni 2. Hapa Tanzania yanapatikana hasa katikati ya nchi, kama Dodoma na Singida, na katika sehemu kubwa za mikoa ya kaskazini na ya Ziwa, zikiwemo wilaya za Longido, Monduli, Simanjiro, Kiteto na maeneo ya Shinyanga na Simiyu.

Uchache wa mvua ni sehemu moja tu ya tabia ya nchi kame. Sehemu ya pili, ambayo mara nyingi husahaulika, ni kutotabirika kwake. Wingu hunyesha kitongoji hiki na kukiruka kinachofuata. Mwaka huu nyasi huota mashariki, mwaka ujao magharibi. Kwa sababu hiyo mfugaji anayehama na mifugo hafanyi hivyo kwa kutangatanga. Anafuata mahali ambapo mvua na nyasi vimekutana. Mkulima naye huwa na shamba la bondeni na la kilimani ili moja likishindwa, jingine limwokoe. Maisha ya nchi kame yamejengwa juu ya kujua mahali na majira. Ndiyo maana ramani inawafaa watu wake kuliko jedwali.

Takwimu moja, picha mbili

Tuchukue kijiji cha kufikirika chenye wakazi 3,000 na vituo 12 vya kuchotea maji. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha huduma vijijini: kila kituo kihudumie watu wasiozidi 250, kisiwe zaidi ya mita 400 kutoka kwenye makazi, na kila mtu apate lita 25 kwa siku. Ukigawanya wakazi 3,000 kwa vituo 12 unapata 250 kamili. Kwenye jedwali, kijiji hiki kimetimiza kiwango. Afisa anayesoma jedwali hilo atapeleka fedha kwingine, na hatakuwa amekosea hesabu.

Sasa tuviweke vituo hivyo 12 kwenye ramani. Vituo tisa viko senta, kando ya barabara kuu, ambako wanaishi watu 1,200. Hapo kila kituo kinahudumia watu 133 hivi. Vituo vitatu vilivyobaki ndivyo vinavyotegemewa na vitongoji vitatu vyenye watu 1,800, yaani watu 600 kwa kila kituo. Kitongoji cha mwisho kipo kilomita sita kutoka kwenye kituo kilicho karibu zaidi.

Tuongeze swali la lini. Kati ya vituo hivyo vitatu, viwili hutegemea maji yanayokaa kwenye mchanga wa mto wa msimu, na ifikapo Agosti hukauka. Kuanzia mwezi huo hadi mvua zianze, watu 1,800 hubaki na kituo kimoja. Wastani wa watu 250 ulikuwa sahihi, na bado ulimficha mama anayetembea kilomita 12 kwenda na kurudi akiwa na ndoo moja kichwani.

Mfano huu ni wa darasani, lakini hali inayofanana nayo imeonekana nchini. Wizara ya Maji ilipoendesha kazi ya kutambua vituo vya maji vijijini na kuviweka kwenye ramani mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilikusanya taarifa za makumi ya maelfu ya vituo nchi nzima. Karibu vinne katika kila kumi havikuwa vikitoa maji. Vilikuwa vimejengwa, vimehesabiwa na kuzinduliwa, lakini mwananchi aliyekwenda na ndoo alirudi nayo tupu. Kazi ile ilifundisha jambo ambalo kila kijiji kinapaswa kulikumbuka: kuwepo kwa kituo na kutoa maji kwa kituo ni taarifa mbili tofauti, na ramani inayofaa huonesha zote mbili.

Ramani inatengenezwaje?

Shuleni tulifundishwa kuwa ramani kamili ina jina, fremu, ufunguo, kipimio na dira. Mambo hayo yote yangali muhimu. Kilichobadilika ni namna ya kukusanya taarifa. Leo taarifa nyingi huingia kwenye kompyuta kupitia Mfumo wa Taarifa za Kijiografia, ambao huhifadhi kila kitu katika mojawapo ya maumbo matatu. Kisima, josho, zahanati na shule huwekwa kama nukta. Barabara, mto na njia ya mifugo huwekwa kama mstari. Shamba, msitu, malisho na mpaka wa kijiji huwekwa kama eneo lililozungushiwa mstari.

Kila nukta hutambulishwa kwa namba mbili. Ya kwanza ni latitudo, inayoonesha umbali kutoka Ikweta kuelekea kaskazini au kusini. Ya pili ni longitudo, inayoonesha umbali kuelekea mashariki au magharibi mwa mstari unaopita Greenwich, Uingereza. Namba hizo hupatikana kwa kifaa cha GPS au kwa simu janja, ambavyo hupokea mawimbi kutoka kwenye setilaiti zinazozunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,000 hivi. Kifaa kinahitaji kuzipata angalau setilaiti nne ili kujua mahali kilipo. Kwa sababu hiyo, anayechukua nukta husimama mahali pa wazi, mbali na ukuta mrefu au mti mkubwa, na husubiri kifaa kitulie.

Tanzania ipo kusini mwa Ikweta, kwa hiyo latitudo zetu huandikwa zikiwa na alama ya kutoa. Alama hiyo ndogo ina uzito mkubwa. Mji wa Longido, kwa mfano, uko karibu na latitudo -2.7 na longitudo 36.7. Mwandishi akisahau alama ya kutoa, kisima cha Longido kitaonekana kando ya Ziwa Turkana, jirani na Loiyangalani kaskazini mwa Kenya, umbali wa kilomita 600 hivi. Kwa hiyo mtendaji wa kijiji anayepokea orodha ya nukta anapaswa kuzitazama zote kwenye ramani kabla ya kuzipeleka wilayani. Nukta iliyopotea hujionesha mara moja kwa macho, lakini kwenye jedwali hupita bila kugunduliwa.

Nukta bila maelezo haisaidii sana. Kila kisima kinachoandikwa kifuatane na majibu: kina maji miezi mingapi? Maji yake ni baridi au ya chumvi? Kinatumiwa na watu, mifugo, au wote? Nani anakisimamia? Mara ya mwisho kiliharibika lini? Katika ukanda wa Bonde la Ufa kaskazini mwa nchi yetu, swali la ubora lina uzito wa pekee, kwa kuwa maji ya baadhi ya visima na chemchemi yana madini ya floridi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi kwa miaka mingi, meno ya watoto hugeuka rangi na mifupa huweza kudhoofika na kupinda. Kisima chenye maji tele yenye floridi nyingi hakistahili kupewa alama moja na kisima salama.

Baada ya hapo ramani hupangwa kwa matabaka. Tabaka la kwanza huonesha makazi, la pili maji, la tatu malisho, la nne barabara, la tano shule na zahanati. Kila tabaka likiwa peke yake hueleza jambo moja. Yakipandanishwa, huanza kueleza sababu. Tukiona kitongoji ambacho watoto wake wengi huacha shule mwezi wa Septemba, na tabaka la maji likaonesha kuwa visima vyote vya jirani hukauka Agosti, tumepata swali la maana la kuwauliza wazazi wa kitongoji hicho. Ramani haitoi jibu la mwisho. Inatuelekeza pa kuuliza.

Jicho la setilaiti: linachoona na lisichoona

Mbali na setilaiti za GPS, zipo setilaiti zinazopiga picha za uso wa dunia. Zile za mfululizo wa Landsat za Marekani zimekuwa zikifanya kazi hiyo tangu mwaka 1972, na picha zake hutolewa bure. Zile za Sentinel-2 za Ulaya, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, hupita juu ya eneo lilelile kila baada ya siku chache na huonesha kila mraba wa mita 10 kwa 10. Kwa kulinganisha picha za miaka tofauti, kijiji kinaweza kuona korongo lilivyopanuka, msitu ulivyopungua, au malisho yalivyorudi pale yalipotunzwa. Mkoani Shinyanga, ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga uliendeshwa kuanzia mwaka 1986 hadi 2004, wananchi walifufua desturi yao ya ngitili, yaani malisho na miti inayofungwa kwa msimu. Maeneo yaliyorejeshwa yalizidi hekta 300,000. Badiliko la ukubwa huo huweza kufuatiliwa kutoka angani.

Setilaiti hizo hupima pia ukijani. Jani hai hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha mwanga mwingine ambao jicho la binadamu halioni. Kwa kulinganisha mianga hiyo miwili, kompyuta hukadiria wingi wa majani mabichi katika kila mraba wa ardhi. Kipimo hiki hutumika kutoa tahadhari ya ukame mapema, kabla mifugo haijaanza kudhoofika.

Hata hivyo, jicho hilo lina upofu wake. Kwake, kijani ni kijani. Katika Kaunti ya Baringo nchini Kenya, mti wa mathenge uliopandwa kuanzia miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa ulisambaa ukavamia malisho. Ukitazamwa kutoka angani unaonekana kama ustawi, lakini mfugaji anajua kuwa chini yake nyasi zimetoweka. Vilevile setilaiti huona bwawa, lakini haijui kama maji yake yana chumvi. Huona uwazi kati ya mashamba mawili, lakini haijui kuwa huo ndio mlango ambao ng'ombe wamepita kwenda mtoni tangu enzi za mababu. Huona ardhi isiyo na nyumba wala shamba, na anayetazama kwa haraka akadhani haina mwenyewe. Kumbe ni malisho ya akiba yaliyofungwa kwa makusudi, yakisubiri miezi migumu.

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo kwa watu wa nchi kame. Mashamba yana mipaka inayoonekana, na nyumba zina paa zinazong'aa. Njia ya mifugo, malisho ya akiba na haki ya kunywesha kwa zamu havionekani kwa picha. Kisichoingia kwenye ramani huhesabiwa kuwa hakipo, na ardhi inayohesabiwa kuwa wazi hupangiwa matumizi mengine.

Wazee mbele ya picha: funzo la Isiolo na Longido

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, kazi ya kuziba pengo hilo ilifanyika katika eneo la Isiolo nchini Kenya, na hapa kwetu katika wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro. Utaratibu wake unafaa kuigwa. Kwanza, wakazi walichora ramani yao wenyewe kwa namna wanavyoijua nchi yao: mito, malisho ya masika na ya kiangazi, njia za kuhamia, mahali pa chumvi, visima na utaratibu wake. Kisha picha ya setilaiti ya eneo hilohilo ilioneshwa ukutani, na wazee wakaitambua milima na mito yao juu ya picha hiyo. Kila walichokitaja kiliwekwa mahali pake kwenye kompyuta pamoja na maelezo yake. Mwisho, baadhi ya maeneo yalitembelewa na kuhakikiwa kwa GPS.

Mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta, lakini amechunga katika nchi hiyo kwa miaka hamsini, anapooneshwa picha yake kutoka juu hutambua mengi kuliko mtaalamu aliyeisoma vitabuni. Mtaalamu anajua kuendesha programu; mzee anajua nchi. Kila mmoja akibaki peke yake, ramani hupungukiwa.

Kwa Waborana wa Isiolo, malisho husimamiwa na baraza la kimila liitwalo dedha, linaloamua ni lini mifugo iingie malisho ya kiangazi na lini malisho ya akiba yafunguliwe. Kwa Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania, kila jamii inajua alalili, yaani malisho yanayotengwa kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu, na ronjo, yaani kambi za muda za msimu. Taratibu hizo zilipowekwa kwenye ramani, zilipata lugha ambayo ofisi ya mipango inaielewa. Mzee hakuhitaji tena kueleza kwa mdomo peke yake kuwa eneo fulani lina kazi. Aliweza kuelekeza kidole.

Kisima kinachoharibu malisho

Funzo kubwa la ramani za nchi kame linahusu mahali pa kuweka maji. Kwa mtazamo wa haraka, eneo lenye nyasi nyingi lisilo na maji linaonekana kama upungufu unaohitaji kisima. Lakini kukosa maji ndiko kulikoilinda nyasi hiyo. Mifugo haikai pale wakati wa masika kwa sababu maji yapo kwingine, na hivyo nyasi hubaki hadi Septemba na Oktoba. Ukichimba kisima cha kudumu katikati ya eneo hilo bila utaratibu, mifugo itakaa mwaka mzima. Kiangazi kikifika, maji yatakuwepo, nyasi haitakuwepo.

Hilo si jambo la kubuni. Katika ukame mkubwa wa ukanda wa Sahel, Afrika Magharibi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mifugo mingi ilikufa karibu na visima virefu vyenye maji. Ilikufa kwa njaa, kwa kuwa malisho yaliyozunguka visima hivyo yalikuwa yamekwisha.

Ramani ya matabaka ingeweza kuonya. Tabaka la maji likipandanishwa na tabaka la malisho ya msimu, kila kisima kinachopendekezwa huulizwa: kimeangukia malisho ya masika, ya kiangazi au ya akiba? Nani atakifunga na kukifungua? Pengine jibu litakuwa kukarabati lambo la zamani badala ya kuchimba kipya. Pengine litakuwa kuchimba kisima kitakachofunguliwa miezi mitatu tu. Wakati mwingine jibu sahihi ni kutochimba. Uamuzi wa namna hiyo ni mgumu kuutetea mbele ya mkutano wa hadhara bila ramani, kwa sababu kila mtu anataka maji karibu. Ukiwa na ramani, mkutano wenyewe unaona gharama.

Funzo la pili linahusu mipaka. Malisho na maji ya nchi kame mara nyingi huwa pana kuliko kijiji kimoja. Katika Wilaya ya Kiteto, mkoani Manyara, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vilikubaliana kupanga kwa pamoja malisho wanayoyategemea wote. Eneo hilo la pamoja, lenye zaidi ya hekta 20,000, lilipewa jina OLENGAPA, lililoundwa kutokana na majina ya vijiji hivyo vitatu. Kila kijiji kilibaki na mipaka yake ya kiutawala, lakini ng'ombe hawakulazimika kusimama kwenye mstari ambao nyasi hazijui.

Ramani na sheria

Mwananchi anapaswa kutofautisha aina mbili za ramani. Ramani shirikishi, inayochorwa na wakazi, ni ushahidi wa matumizi na msingi wa majadiliano. Peke yake haitoi hakimiliki, wala haibadilishi mpaka. Mipaka ya kijiji hupimwa na wataalamu wa upimaji, na usimamizi wa ardhi yake unaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji unaongozwa na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007, na hupelekwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Malisho nayo yana Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo Na. 13 ya mwaka 2010.

Ramani shirikishi hupata nguvu pale inapoingizwa katika mpango huo wa kisheria. Ikibaki kwenye kompyuta ya mradi, siku mradi unapofungwa nayo hutoweka. Kwa hiyo kijiji kidai nakala yake iliyochapishwa, itunzwe katika ofisi ya kijiji, na iletwe mezani kila linapojadiliwa ombi la ardhi, kisima au barabara.

Si kila kitu kinastahili kuwekwa kwenye ramani inayoonwa na wote. Maeneo ya matambiko, mahali inapopatikana miti adimu ya dawa, na taarifa za kaya moja moja vyahitaji uangalifu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za mtu. Wakazi wana haki ya kuuliza taarifa inachukuliwa kwa ajili gani, itahifadhiwa wapi na nani ataiona, kabla ya kujibu.

Wajibu wa mwananchi

Timu ya kuchora ramani au kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi ikifika kijijini, mambo yafuatayo yatafanya kazi yake iwe na manufaa.

1. Hudhuria, na uhakikishe kila kitongoji kimewakilishwa. Kitongoji kisichotuma mtu mara nyingi ndicho kilicho mbali zaidi, na ndicho chenye shida kubwa zaidi.

2. Makundi yachore kwanza kila moja peke yake. Wanawake wanajua maji ya nyumbani na kuni. Vijana wachungaji wanajua njia na hatari zake. Wazee wanajua malisho ya akiba na historia ya mipaka. Wakulima wanajua udongo na mafuriko. Baadaye ramani zilinganishwe mbele ya wote.

3. Taja miezi, si mahali tu. Lambo lenye maji hadi Juni na lambo lenye maji hadi Oktoba ni vitu viwili tofauti.

4. Pima umbali kwa mwendo halisi. Zahanati iliyo kilomita nne kwa mstari ulionyooka inaweza kuwa kilomita tisa kwa kuzunguka korongo, na isifikike kabisa mto unapojaa. Mama mjamzito haendi kwa mstari ulionyooka.

5. Taja waliopo kwa msimu. Jamii inayofika kila kiangazi ina matumizi katika ardhi hiyo hata kama siku ya mkutano haipo. Ikisahauliwa kwenye ramani, mgogoro utafika pamoja na mifugo yake.

6. Tofautisha kinachokubaliwa na kinachobishaniwa. Mstari wenye mgogoro uchorwe kwa alama yake, na suala lipelekwe kwenye vyombo vinavyohusika, kuanzia Baraza la Ardhi la Kijiji. Mchoraji asipewe kazi ya hakimu.

7. Toa taarifa ya mabadiliko. Pampu ikifa, njia ikilimwa, daraja likisombwa, mjulishe mtendaji wa kijiji na chombo cha watoa huduma ya maji. Ramani huanza kuzeeka siku ileile inapokamilika, na anayeona badiliko wa kwanza ni mkazi.

Maswali ya kujipima

Maswali haya yanaweza kujadiliwa katika mkutano wa kitongoji. Anayeongoza achukue kijiti na achore kijiji ardhini, kisha wajumbe wasahihishe.

1. Katika mwezi wa Oktoba, ni vituo vingapi vya maji vinavyotoa maji, na ni kaya zipi zilizo mbali navyo zaidi?

2. Ni eneo gani la kijiji ambalo mgeni angeliona wazi, lakini nyinyi mnajua kazi yake? Je, limeandikwa mahali popote?

3. Ni njia ipi ya mifugo au ya watoto wa shule iliyozibwa katika miaka mitano iliyopita?

4. Mkipewa kisima kimoja tu, mtakiweka wapi, na ni malisho yapi yataathirika?

Kijiji kitakachoweza kujibu maswali hayo kwa kuonesha mahali, mwezi na watu wanaohusika kitaleta wilayani ombi ambalo haliwezi kufichwa na wastani. Mchoro wa kijiti uhamishiwe kwenye karatasi kubwa kabla upepo haujaufuta, uandikwe tarehe na majina ya vitongoji vilivyoshiriki, kisha ukabidhiwe kwa mtendaji wa kijiji ili uambatanishwe na maombi ya mwaka ujao wa fedha.